Kiganja Kimoja kwa Kila Kiwanja

Siku mliyoniaga, soda zilipokwisha na keki kukatwa, mmoja wenu aliniuliza ni kifaa gani nilichokipenda kuliko vyote katika miaka yangu ya upimaji. Nikasema, "Kijiti cha mzeituni, urefu wa kiganja." Mkacheka. Nami nikacheka, maana nilikuwa nimechoka na gari lilikuwa linasubiri nje. Nilipofika nyumbani nikaanza kuwaza, kama kawaida yangu. Mlidhani nawatania? Mlidhani nimeanza kuchanganyikiwa? Siku ya tatu nikanunua daftari.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vilichelewa vyote, na vilipokuja havikubadili kitu. Nitaandika juu ya mwaka wangu wa kwanza, katikati ya miaka ya themanini, nilipopelekwa Babati nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, na juu ya kijiti hicho. Ninyi mnapima kwa mashine zinazoongea na setilaiti, na sidhani kama kijiti kitawafaa kwa kazi. Lakini vichwa mlivyo navyo ni vilevile tulivyokuwa navyo sisi.

Nilishuka kwenye basi jioni, vumbi limenifanya rangi moja na sanduku langu. Ndani ya sanduku mlikuwa na magauni mawili, kitabu cha majedwali ya logi, Biblia, na nusu mche wa sabuni ambao mama yangu alinipa kule Same akiwa ameufunga kwenye kanga kama mtu anayeficha dhahabu. Sabuni mwaka ule ilikuwa dhahabu kweli. Sukari ilipatikana kwa kibali, mafuta ya taa kwa foleni, na unga wa njano tuliula bila kuuliza umetoka wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwanamke pekee katika ofisi ya ardhi, na niliogopa kila kitu. Niliogopa kuchelewa, kwa hiyo siku ya kwanza nilifika kabla ya saa moja asubuhi nikakaa kwenye ngazi. Kisha nikaogopa kwamba watakaonikuta watadhani nimelala pale.

Aliyenikuta alikuwa mshika tepu wa ofisi, mtu mzima mwenye koti la kijivu lililochanika kwapani na viatu vya matairi, kata mbuga. Alikuwa Mwiraqw kutoka juu Mbulu, aliyehamia Sigino na kulima huko. Watu walimwita Baba Paskali.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mpimaji, au umetumwa na mpimaji?"

"Ndiye mimi."

"Basi karibu. Tulikuwa tunamngoja mwanamume mwenye gari. Amekuja mwanamke mwenye sanduku. Si mbaya. Gari tunalo, halina matairi."

Landrova ya ofisi ilikuwa nyuma, juu ya mawe manne, kuku wawili wakitaga kwenye kiti cha dereva. Baba Paskali akanionyesha theodolaiti, darubini ya kupimia pembe, iliyokuwa nzima isipokuwa ukungu kidogo kwenye lenzi, fito za rangi nyekundu na nyeupe, na mwisho tepu ya chuma ya mita thelathini. Tepu ile ndiyo nataka muielewe, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo.

Lori lilikuwa limeikanyaga na kuikata. Fundi baiskeli wa sokoni aliiunga kwa kulaza ncha moja juu ya nyingine na kuzigonga kwa riveti. Kiungo kilikuwa imara, lakini kilikuwa kimekula sentimita kumi na mbili. Ukivuta tepu mpaka mwisho, ilisoma mita thelathini, na chini yake palikuwa na mita thelathini kasoro kiganja. Tepu mpya ilikuwa imeagizwa kabla sijaajiriwa. Nadhani iko njiani.

Kwa hiyo Baba Paskali alikuwa amechonga kijiti cha mzeituni cha sentimita kumi na mbili kamili. Kila tulipovuta, aliye nyuma alipaza sauti, "Kiganja!" Kijiti kikalazwa mwisho wa tepu, aliyekilaza akajibu, "Kimelala!" na hapo ndipo pini ya chuma ilipochomwa ardhini. Mchana kutwa, kiganja, kimelala, kiganja, kimelala, mpaka watoto wa mtaa wa Nakwa wakawa wanatuita Bwana na Bibi Kiganja.

Nilimuuliza siku ya kwanza kwa nini tusipime tu haraka kisha turekebishe kwa hesabu ofisini.

"Kwa sababu hesabu inafanyika ukiwa umekaa," akasema. "Mtu aliyekaa anasahau."

Niliona hajibu swali. Mimi nilikuwa na shahada.

Baba Paskali alikuwa katekista wa Kikatoliki kwenye kigango chao Sigino, mimi Mlutheri wa kuzaliwa. Alinuka ugoro, aliimba zaburi kwa pua, na alikuwa na utulivu ulionikera. Mshahara ukichelewa miezi miwili alisema, "Basi tutakula viazi." Mimi ukichelewa siku mbili nilikuwa tayari nimeshajiona nimefukuzwa kazi, nimerudi Same, mama ananiangalia bila kusema neno.

Lazima niseme juu ya mama yangu. Baba alipofariki, ndugu zake walimtoa mama shambani kabla majani hayajaota juu ya kaburi. Alipanga chumba mjini Same, akatusomesha kwa kushona. Tangu nikiwa na miaka tisa nilijua ninachotaka duniani: kipande cha ardhi chenye jina langu, ambacho hakuna mjomba wala baba mdogo angeweza kuninyang'anya. Nadhani ndiyo sababu niliusomea upimaji, ingawa kwenye fomu niliandika kwamba napenda hesabu.

Nilikuwa muumini, msinielewe vibaya. Niliimba sauti ya pili kwaya ya usharika, nilisali asubuhi na jioni. Lakini sala zangu zilikuwa kama fomu ya maombi: jina la mwombaji, kitu kinachoombwa, sababu. Nyuma ya karatasi za hesabu zilizoharibika nilikuwa nachora nyumba. Vyumba vinne, baraza, dirisha la jikoni linalotazama Ziwa Babati. Nilijiambia, nikipata kiwanja nitatulia. Nitaacha kuwaza. Nitamshukuru Mungu kama watu wazima wanavyomshukuru.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata tulipewa kazi ya kupima safu mpya ya viwanja upande wa Nakwa, kila kimoja upana wa tepu moja, kutoka barabarani mpaka kwenye korongo. Yalikuwa mashamba ya watu, na mji ulikuwa unakua. Mwenye shamba la mwisho alikuwa mjane mmoja, Mama Safari, ambaye alikuwa amekubaliana na kamati ya viwanja achukuliwe shamba na apewe kiwanja cha kumi na tatu, kwa sharti moja: kaburi la mumewe libaki ndani. Kwenye ramani lilikuwa ndani. Baada ya kiwanja chake palibaki kipande cha pembeni kuelekea korongoni, chembamba kidogo kuliko kipimo cha chini kinachoruhusiwa. Kwenye ramani kiliandikwa mahali pa wazi.

Wiki tuliyoanza, Baba Paskali akaugua malaria na kubaki Sigino. Kijiti kilikuwa kwenye mfuko wa koti lake.

Ningeweza kuchonga kingine. Ilikuwa kazi ya dakika kumi na kisu. Lakini nilikaa nikafikiri. Nikawaza kwamba kijiti kikilazwa mara nyingi kitaleta makosa madogomadogo ya mkono, na kwamba ni sahihi zaidi kitaalamu kupima bila kijiti na kurekebisha kwa jumla mwishoni. Niliandika maelezo ya ukurasa mzima kujithibitishia. Tukapima siku tatu na vibarua wawili, kiwanja baada ya kiwanja, kimya, bila kiganja na bila kimelala. Siku ya tatu mawingu yakashuka kutoka Mlima Kwaraa, mvua ikaanza, tukawa tunakimbizana kuzika bikoni, zile nguzo za mpaka, kabla saruji haijalowana. Saruji yenyewe tulikuwa tumeiomba nusu mwaka.

Tulipozika bikoni ya mwisho ya Mama Safari, yeye alikuwa amesimama kwenye mvua amejifunika gunia.

"Mpimaji, mwanangu," akasema, "mimi nilidhani mpaka utapita pale kwenye kichaka cha mnyaa. Ng'ambo ya kaburi."

Nikamjibu, "Vipimo havidanganyi, Mama."

Tafadhali muisome mara ya pili sentensi hiyo. Mimi nimeirudia kichwani kila wiki kwa zaidi ya miaka thelathini.

Yeye akatikisa kichwa. "Sawa. Kama ni serikali imepima, sawa."

Kile kipande cha pembeni kilipopimwa, kilizidi kipimo cha chini kwa upana wa kidole. Kikawa kiwanja. Cha kumi na nne. Kwa kuwa kilikuwa karibu na korongo hakuna aliyekitaka, nami niliomba, na mwezi Machi nikapewa barua ya toleo, ile ya kumilikishwa kiwanja, yenye jina langu, kwa taipu, bila kosa la herufi hata moja.

Niliiweka ndani ya Biblia. Kwa siku mbili nilikuwa na raha niliyokuwa naitafuta tangu nikiwa na miaka tisa. Siku ya tatu nikaanza kuwaza bati. Bati hazikuwepo. Kisha saruji. Kisha korongo likimomonyoka je? Kisha nikasikia bwana mmoja ofisini kapata kiwanja karibu na barabara, nami nikajiona mjinga. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nahangaika kuliko kabla sijapata. Nilijiambia, nikishajenga nitatulia.

Baba Paskali alirudi kazini amekonda, koti limekuwa kubwa. Alitoa kijiti mfukoni akakiweka juu ya meza yangu.

"Mlitumia nini?" akauliza.

"Nilirekebisha kwenye hesabu," nikasema.

"Ah. Vizuri."

Akatoka. Nikafungua daftari la uwandani, ili tu nijiridhishe. Hapakuwa na marekebisho. Palikuwa na ule ukurasa mzima wa maelezo kwa nini marekebisho yafanywe mwishoni, na mwishoni palikuwa na doa la mvua. Kila kiwanja kilikuwa kimepungua kiganja. Viganja kumi na vitatu vilikuwa vimesukumwa kutoka kiwanja hadi kiwanja mpaka vikalundikana vyote mwishoni, mita moja na nusu na ushee, kwangu. Ndani ya mita hiyo na nusu alikuwa amelala mume wa Mama Safari.

Mtaniuliza kama nilisahau kweli. Nimejiuliza zaidi yenu. Nilijua kipande kile kimekosa kidogo tu kuwa kiwanja. Nilijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimekitazama. Sikukaa nikapanga kuiba, hilo naweza kuapa. Lakini kuna namna ya kusahau ambayo mtu anaifungulia mlango mwenyewe.

Nilifunga daftari. Machi iliyobaki na nusu ya Aprili nilikaa kimya, na nilikuwa na sababu nzuri kwa kila siku. Watu wameshaanza kuchimba misingi. Baba Paskali atalaumiwa. Nitafukuzwa. Ni kiganja tu. Mama Safari hajalalamika.

Hakulalamika kweli. Alikuja chumbani kwangu Jumamosi moja na kibuyu cha maziwa.

"Hodi, Mpimaji."

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuletea maziwa kidogo. Na nina ombi." Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichakaza. "Nimesikia kile kiwanja cha pembeni ni chako. Nimeshukuru Mungu kwamba ni chako, si cha mtu mwingine. Naomba tu ruhusa ya kulimia majani kaburi. Na Pasaka, kama hutajali, kwaya ipite pale alfajiri."

"Mama, huna haja ya kuomba."

"Naomba. Ardhi ni ya mtu."

Nikampa ruhusa. Nilimpa, mnasikia, mimi. Akanishukuru kwa mikono miwili. Alipoondoka nikanywa maziwa yale, kwa sababu maziwa nayo yalikuwa adimu, na sikuyasikia ladha.

Sisi Walutheri tuna desturi ya kuanza Pasaka makaburini kabla jua halijachomoza, tukiimba kwamba Bwana amefufuka mahali ambapo wafu wetu wamelala. Mwaka ule, baada ya makaburi ya usharika, Mchungaji aliongoza watu mpaka Nakwa kwa Mama Safari. Nyasi zilikuwa na umande, mbingu imeanza kuwa nyeupe juu ya ziwa. Kaburi lilikuwa limelimiwa safi, lina mawe meupe pembeni. Bikoni yangu ilikuwa hatua moja kutoka hapo, upande wa kwake, kaburi likiwa limebaki upande wangu.

Mchungaji akaomba. Kisha akasema mbele ya wote, "Tumshukuru pia dada yetu Penieli, mwenye kiwanja hiki, kwa moyo wake wa upendo kwa mjane huyu."

Watu wakaitikia. Mama Safari akanitazama akitabasamu. Nami nilikuwa katikati ya sauti ya pili, kitabu cha nyimbo mkononi, mwenye barua, mwenye kiwanja, mwenye sifa njema, na sikuwa na kitu. Sijui niiseme vipi. Kila nilichokuwa nimemwomba Mungu kilikuwa pale, chini ya miguu yangu, chenye mipaka minne, na ndani yangu palikuwa patupu kuliko siku niliyoshuka kwenye basi. Waliimba kwamba kaburi li wazi. Niliwaza, hili ni la mtu, na mimi ndiye niliyeliziba.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema palepale. Sikusema. Niliimba mpaka mwisho, nikaenda nyumbani, nikawaza siku nzima. Jumatatu ya Pasaka nikatembea kwa miguu hadi Sigino.

Baba Paskali alikuwa anapalilia mahindi. Nilisimama kwenye mtaro nikamwambia yote, bila kupanga, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Aliendelea kupalilia mpaka nikamaliza.

"Umemwambia Mungu?" akauliza.

"Mara nyingi."

"Na Mama Safari?"

"Bado."

"Hm. Sisi tunaanza kwa padre ndipo tunafika kwa Mungu. Ninyi mnasema mnakwenda moja kwa moja. Naona wewe umekwenda moja kwa moja ukapita jirani." Akaegemea jembe. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Kosa ni letu wawili. Kijiti kilikuwa mfukoni mwangu. Ningekituma kwa mtu yeyote. Nilijua mnapima."

"Ulikuwa na homa."

"Homa haikushika mfuko."

Nikamwambia ninaogopa. Nikamtajia vitu vyote ninavyoviogopa, na ni orodha ndefu.

"Binti yangu," akasema, "mimi sina kiwanja mjini, sina bati, koti unaliona. Siwezi kukuambia kwamba sitaki. Nikipita duka lina kitenge, nasikia kama mke wangu ananiita. Lakini nikilala usiku, nalala na Kristo tu, na kitanda kinajaa. Wewe umempa kona tu." Akainama tena kwenye mahindi. "Kesho nitakuja na kijiti."

Mkubwa wetu ofisini hakufurahi. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, kama wote mwaka ule.

"Sentimita kumi na mbili!" akasema. "Bi Penieli, nchi haina dizeli, wewe unanisumbua na sentimita. Nani amekufa?"

"Mume wa Mama Safari," nikasema. "Na yuko kwenye kiwanja changu."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Ukichimbua bikoni ile, kiwanja chako kimekufa. Unajua? Kitapungua kipimo. Sina kingine cha kukupa."

"Najua."

"Na nitakuandikia barua ya onyo. Lazima."

"Najua, Mzee."

"Basi nendeni." Tulipofika mlangoni akaongeza, "Ningekuwa mimi nisingesema. Nakuambia tu."

Jumatano tulipima upya safu yote. Baba Paskali mbele, mimi nyuma. "Kiganja!" "Kimelala!" Wenye viwanja walitoka mmojammoja kutazama, na kila tulipochoma pini nje ya bikoni umbali uliongezeka: kiganja, viganja viwili, vitatu. Kufikia katikati palikuwa na kundi, na hapo niliwaeleza. Nilisema kosa ni langu, kwamba nililijua tangu Machi, na kwamba kila mmoja wao amepunjwa kiganja na vyote vilikuja kwangu.

Kisha Baba Happy, muuza spea za baiskeli mwenye kiwanja cha tano, akapaza sauti. "Kwa hiyo mimi nimeibiwa! Nataka haki yangu! Nimeshajenga jiko mimi!"

Baba Paskali akamwendea, akalaza kijiti chini mbele ya miguu yake. "Hii hapa haki yako. Tukikupa, jiko lako linabaki, lakini choo cha jirani yako tunakibomoa, na cha jirani yake, mpaka korongoni."

Baba Happy akakiangalia kijiti. Akainama, akakiangalia tena. "Hiki tu?"

"Hicho tu."

"Hapa hata kitunguu hakioti." Watu wakacheka, naye akacheka kwa kujilazimisha. "Sasa kiganja changu kinakwenda wapi nikikiacha?"

"Mpaka wa mwisho unarudi penye mnyaa," nikasema. "Viganja vyenu vitakuwa kwa Mama Safari. Kwenye kaburi."

Alikuna shingo. "Basi kipelekeni kwa marehemu. Alinikopesha jembe mara moja, sijui kama nilirudisha."

Wa sita akasema na chake kiende. Wa saba naye. Tulipita safu nzima hivyo, nikiandika, wengine wakitia sahihi, wengine dole gumba. Mmoja alisema chake atakitoa kwa shingo upande, nikaandika "ametoa", maana hakuna safu ya shingo upande kwenye fomu.

Mama Safari hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya kaburi muda wote. Tulipofika kwake akauliza, "Ulijua tangu Machi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na maziwa ukanywa."

"Nilikunywa."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa njiani na yote yaliondoka. Sikuomba chochote. Nilisimama tu, na hilo ndilo ninalotaka kuwaambia hasa, ingawa nimelizunguka kurasa nyingi. Kile kichwa changu, ambacho tangu utoto hakijawahi kufunga mlango, kilinyamaza. Sikuwa na kiwanja, heshima yangu ilikuwa imemwagika mbele ya mtaa mzima, barua ya onyo ilikuwa inapigwa taipu, na nilijua kwamba Yesu Kristo yuko pale, kwenye udongo ule uliochimbuliwa, na kwamba ananitosha. Sikuwa na furaha. Nilikuwa nimechoka mno kuwa na furaha. Nilikuwa nimetosheka.

"Chukua jembe," Mama Safari akasema. "Usiwaachie wazee wachimbe peke yao."

Nikachimba. Bikoni ya zamani iling'oka kwa shida, kwa sababu ile mara moja tulikuwa tumechanganya saruji vizuri. Tukaizika upya penye mnyaa. Hakunishukuru, wala hakuniletea maziwa tena mpaka mwaka ulipokwisha. Alipoleta, alisema yamebaki tu.

Barua yangu ya toleo ilifutwa kwa mstari wa wino mwekundu. Kile kipande kikarudi kuwa mahali pa wazi, watu wakatengeneza njia ya kupita kwenda kuchota maji. Miaka michache baadaye bidhaa zilirudi madukani, bati zikajaa, na wenzangu wakajenga. Mimi nilipanga chumba Babati miaka sita, kisha vyumba vingine mikoa mingine. Nilijenga mwishowe, vyumba viwili, baada ya mama yangu kufariki. Sitawadanganya kwamba sikuumia. Nilipopita mbele ya nyumba za watu jioni, taa zinawaka, niliumia. Wala kichwa changu hakikunyamaza moja kwa moja, kama mnavyojua mliofanya kazi nami. Lakini nilikuwa nimeshaonja, na nilijua njia ya kurudi. Kila hofu iliponizidi nilijiuliza swali moja tu: kuna jirani gani nimempita? Mara nyingi alikuwepo. Nilimwendea, na baada ya hapo niliweza kusali bila fomu.

Baba Paskali alikufa kabla sijahama Babati. Mke wake alinipa kijiti. Alisema alimkuta nacho mfukoni, na hakujua ni cha nini.

Mwezi uliopita, nikiwa nimestaafu na sina pa kuwahi, nilipanda basi hadi Babati. Lami siku hizi. Nakwa imejaa nyumba, sikuitambua, ila mnyaa bado upo, umekuwa mti. Safari, mtoto wa Mama Safari, ambaye sasa ana mvi, alinifungulia geti. Akanipeleka nyuma.

Kulikuwa na makaburi mawili. "Mama alisema azikwe hapa hapa," akasema. "Kando ya Baba. Watu walitaka apelekwe makaburi ya mjini, wakasema nafasi haitoshi. Tukapima, ikatosha."

Nikatoa kijiti kwenye mkoba, sijui kwa nini, nikakilaza juu ya nyasi kati ya kaburi la mwisho na mpaka. Kilienea, na pakabaki kidogo.